Mstari Mmoja Katika Taarifa ya Kata

Ndugu msomaji, naomba ukamwone diwani wako kwa ajili ya mtoto ambaye huenda si wa kwako. Ni mtoto wa jirani, au wa ile familia iliyohamia mtaani mwaka juzi. Hasikii vizuri, na darasani anaonekana mkaidi kwa kuwa haitiki akiitwa. Au haoni ubaoni, hivyo kila siku ananakili kwenye daftari la mwenzake, na mwenzake akiumwa siku hiyo haandiki kitu. Au ana usonji, kelele za darasa lililojaa zikimzidi anapiga mayowe, na mwalimu aliyeelemewa anamtuma dada yake wa darasa la tano amrudishe nyumbani. Au hajawahi kuvaa sare kabisa, kwa sababu shule yenye kitengo cha elimu maalum ni ya kupanda magari mawili, na mama yake ndiye anayekaanga vitumbua alfajiri ili nyumbani wapate kula.

Kwenye karatasi watoto hawa hawana upungufu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010, inayotambua haki yao ya kusoma. Ada katika shule za serikali, kuanzia msingi hadi kidato cha nne, ilifutwa kuanzia Januari 2016. Mkakati wa taifa wa elimu jumuishi upo, tena si wa kwanza. Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza kila baada ya miezi mitatu, bila kuchoka, kwamba hayo yaliyoandikwa yamefika wapi katika kata hii. Kwa jinsi serikali yetu ilivyopangwa, mtu huyo ni diwani.

Tukiona shule haina mwalimu wa lugha ya alama, wengi wetu tunailaumu Wizara ya Elimu. Wizara ina sehemu yake: sera, mitaala, vyuo vya ualimu, wathibiti ubora. Lakini shule ya msingi na ya sekondari ya serikali unayoipita kila asubuhi inasimamiwa na halmashauri, chini ya TAMISEMI, yaani ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Mkurugenzi Mtendaji na maofisa elimu wake, pamoja na ofisa anayeshughulikia elimu maalum, wanafanya kazi katika jengo moja linalofikika, na taarifa zao zinapita mbele ya madiwani. Halmashauri za wilaya zina Kamati ya Elimu, Afya na Maji, na za miji zina kamati yao inayobeba elimu. Hoja zikitoka huko zinakwenda kwenye Baraza la Madiwani, ambalo hukutana walau mara moja kila robo mwaka.

Diwani haajiri mwalimu wala hasaini hundi. Kazi yake ni kupitisha bajeti, kukagua na kuuliza, na mtendaji anapaswa kumjibu. Hapo ndipo mimi na wewe tunapoingia, kwa sababu diwani huuliza kile alichoelezwa.

Nimewahi kukaa kwenye viti vya wananchi, nyuma ya ukumbi wa halmashauri moja, nikafuatilia mjadala wa elimu. Mikutano hiyo ni ya wazi, ingawa ni wachache tunaokwenda. Kabrasha lilikuwa nene. Kwenye taarifa ya elimu kulikuwa na majedwali ya vyumba vya madarasa, madawati, matundu ya vyoo, ufaulu wa darasa la saba shule kwa shule. Elimu maalum ilipewa aya moja: wavulana kadhaa, wasichana kadhaa, jumla yao, basi. Ukurasa ukafunuliwa. Hakuna aliyeuliza watoto hao wanafundishwa na nani, kwa vifaa gani, wala wangapi wamebaki nyumbani. Sikuona roho mbaya mle ndani. Diwani aliyekuwa karibu nami alisimama akazungumza kwa uchungu kuhusu vyoo vya shule ya kata yake, akataja hata tarehe ambayo shimo lilititia, kwa sababu wazazi walimfuata nyumbani kwake Jumapili wakamweleza yote. Watoto wa ile aya moja hawakuwa na mtu aliyemfuata diwani Jumapili.

Basi ninachokuomba ni kitu kidogo chenye njia inayojulikana. Kila robo mwaka, kata huandaa taarifa ya utekelezaji wa shughuli zake. Mtendaji wa kata huiandika, Kamati ya Maendeleo ya Kata, ile tuliyozoea kuiita WDC, huijadili chini ya uenyekiti wa diwani, kisha diwani huiwasilisha barazani. Omba humo uingie mstari mmoja, na usikose robo hata moja: watoto wenye mahitaji maalum waliobainika katika kata ni wangapi, wangapi wako shuleni na katika shule zipi, nani anawafundisha, na nini kinakosekana. Jambo likishaingia kwenye taarifa linaingia kwenye muhtasari, na likiingia kwenye muhtasari linarudi kikao kinachofuata kama yatokanayo. Watu wa halmashauri wanajua uzito wa yatokanayo. Malalamiko ya kibarazani kwa jirani yanaisha jioni ileile. Yatokanayo yanamsubiri mkuu wa idara miezi mitatu baadaye akiwa na madiwani wote mbele yake.

Mstari huo unaanza na kubaini. Kila Oktoba halmashauri huanza kuandikisha watoto wa darasa la awali na la kwanza kwa mwaka unaofuata. Huo ndio wakati wa kuhakikisha hakuna aliyerukwa, na anayewajua watoto wa mtaa kuliko yeyote ni mwenyekiti wa mtaa au wa kitongoji, pamoja na balozi. Hapa nakuomba uwe na busara. Tunapenda kusema wazazi wanaficha watoto, kana kwamba ni kwa ukatili. Yupo mzazi wa mtoto mwenye ualbino aliyemfungia ndani miaka ile ya mauaji ya watu wenye ualbino kwa kuwa alitaka awe hai. Yupo mama aliyempeleka mwanawe shule akaambiwa hapa hatuna nafasi ya huyu, akarudi naye mgongoni, na hakujaribu tena. Nenda kwa mzazi huyo kama jirani, kaa naye, msikilize kwanza. Usipige picha. Jina la mtoto halina haja ya kusomwa kwenye kikao chochote. Taarifa ya kata inataka idadi na mahitaji tu.

Nikija kwa walimu, hapo nitatulia kidogo, maana ndipo halmashauri inapoweza kufanya jambo hata mwaka ambao haikupata fedha mpya. Walimu wa elimu maalum wapo. Chuo cha Ualimu Patandi, pale Tengeru mkoani Arusha, kimekuwa kikiwaandaa kwa miaka mingi. Tatizo linaloumiza ni kwamba mwalimu aliyesomea kufundisha viziwi anaweza kupangwa shule isiyo na mtoto hata mmoja kiziwi, akapewa hisabati ya darasa la nne, na ujuzi wake wa lugha ya alama ukafifia kwa kukosa wa kuongea naye. Kata ya pili yake kuna kitengo chenye watoto wa kutosha, nacho kinafundishwa na mtu mwenye moyo mzuri ambaye hajui hata alfabeti ya vidole. Walimu hawa wawili wanalipwa mshahara na serikali ileile na wako chini ya mkurugenzi mmoja. Kinachotakiwa ni msawazo.

Muombe diwani aulize swali hili kama lilivyo: katika halmashauri yetu kuna walimu wangapi waliosomea elimu maalum, kila mmoja amesomea eneo gani, na leo anafundisha wapi? Ofisa utumishi na ofisa elimu wanaweza kuandaa jedwali hilo, maana kumbukumbu za watumishi wanazo wao. Likishasomwa mbele ya baraza, kila diwani ataona mwenyewe nani amekaa mahali pasipo pake. Ila ni haki pia kusema kwamba uhamisho unagharimu. Mwalimu anayehamishwa anastahili posho ya kujikimu na nauli ya mizigo, na halmashauri nyingi zimelimbikiza madeni ya aina hiyo hadi walimu wamekata tamaa. Kwa hiyo ombi la msawazo liende pamoja na fungu lake kwenye bajeti. Kumhamisha mwalimu bila kumlipa ni kumtia uchungu mtu tunayetaka awe na subira kuliko wote shuleni.

Fedha na vifaa vinakwenda pamoja. Ngoja nikueleze mashine ya breli. Ina vitufe sita, kila kimoja kwa nukta yake, na kimoja cha kuacha nafasi. Ni mashine ya chuma, nzito, hudumu miaka mingi ikitunzwa, lakini nayo hukwama kama mashine nyingine yoyote. Chukulia kitufe cha nukta ya kwanza kimekwama. Mtoto akitaka kuandika a, hakitoki kitu, kwa sababu a ni hiyo nukta ya kwanza peke yake. Akitaka b, inatoka nukta ya pili tu, na hiyo katika breli ni koma. Sasa jaribu kuandika sentensi ya Kiswahili isiyo na a. Mtoto anabonyeza kila kitufe kwa usahihi, anapapasa karatasi yake, anakuta upuuzi. Mashine hiyo inaweza kuhesabiwa kwenye taarifa ya halmashauri kuwa ni kifaa kilichopo, na ni kweli ipo. Ndiyo maana ukaguzi wa diwani usiishie kuuliza mashine ngapi. Aulize ngapi zinaandika, fundi alikuja lini, karatasi nene za breli zimebaki ngapi, na kama vifaa vimefungiwa kabatini, ufunguo uko kwa nani. Kwa watoto wenye shimesikio aulize betri zinatoka wapi, kwa kuwa betri ya kifaa hicho haikai muda mrefu na mzazi wa kipato cha chini hawezi kuinunua kila mara.

Watu wengine watakujibu kwamba halmashauri tayari inatoa asilimia 10 ya mapato ya ndani. Ni kweli, sheria inataka asilimia 4 iende kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Lakini hiyo ni mikopo ya vikundi vya watu wazima wafanye shughuli za kiuchumi. Ni jambo jema, na nalo linastahili kusimamiwa vizuri, ila halitengenezi mashine ya breli wala halimlipi mkalimani. Bajeti ya elimu maalum ijitegemee, iwe na kasma yake, na kiasi kilichotengwa kisomwe pamoja na kiasi kilichotoka kweli. Mwaka wa fedha unaanza Julai, lakini makisio hupikwa miezi mingi kabla, na madiwani huyapitisha mwanzoni mwa mwaka wa kalenda. Anayekwenda kuomba mwezi Mei anakuta fungu limeshagawanywa.

Kuhusu majengo, kuna jambo la haraka. Watoto walioanza darasa la tatu kwa mtaala mpya Januari 2024 watamaliza elimu ya msingi darasa la sita mwaka 2027. Mwaka huohuo watamaliza wale wa darasa la saba, wa mtaala wa zamani. Januari 2028 madarasa mawili yataingia kidato cha kwanza kwa wakati mmoja, na halmashauri lazima zijenge. Ndani ya makundi hayo mawili wamo watoto wa vitengo vyetu, na sekondari nyingi za kata hazijawahi kumpokea mwanafunzi anayesoma breli. Tukinyamaza sasa, vyumba vitajengwa kwa pupa na mtoto wa kiti mwendo atakuta ngazi.

Hata panapojengwa njia ya mteremko, chukua tepu ya fundi uipime. Kanuni inayokubalika ni kwamba kila sentimita 1 ya kupanda inahitaji sentimita 12 za urefu. Sakafu iliyoinuliwa sentimita 45 kutoka ardhini inataka njia ya mita 5 na sentimita 40. Fundi akikujengea ya mita moja na nusu kwa sababu saruji imepungua, huyo mtoto atahitaji wenzake wawili wamsukume, na akiwa peke yake atabaki nje. Kamati ya diwani ikienda ziara ya miradi ipite hapo kwa kupima, isipite kwa kupiga picha. Iingie na chooni, ione kama kiti mwendo kinageuka ndani na kama kuna chuma cha kushikilia.

Kwa miaka mingi jibu letu lilikuwa kumpeleka mtoto mbali. Buigiri, Dodoma, imepokea wasioona tangu 1950. Tabora ilipata shule ya viziwi mwaka 1963. Makanisa yalitangulia huko kabla ya wengi wetu, na watu waliopita katika shule hizo ni walimu, wanasheria na wazazi tunaowaheshimu. Shule za namna hiyo bado zinahitajika sana, hasa kwa mtoto kiziwi anayehitaji wenzake wa kuongea naye kwa mikono. Lakini mtoto wa miaka saba kulala kilomita mia kadhaa kutoka kwa mama yake isiwe njia pekee. Pale Dar es Salaam, Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko inasomesha watoto wenye ulemavu na wasio nao katika uwanja mmoja, na ndugu wanaweza kutoka nyumbani asubuhi pamoja na kurudi jioni pamoja. Ningependa kila halmashauri iwe na shule ambayo mzazi wa kawaida anaweza kuifikia hivyo.

Huna haja ya kuwa mwanasheria ili uulize haya. Ile sheria ya 2010 imeweka kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa. Mwulize mwenyekiti wako kama yenu ipo, inakaa lini, na kama mzazi yeyote wa mtoto mwenye ulemavu anaalikwa. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kufanyika kila miezi mitatu, na pale kila mtu mzima mkazi ana sauti. Mwalimu mkuu na kamati ya shule wanapaswa kubandika mapato na matumizi mahali pa wazi. Ukinyimwa takwimu, kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayompa ofisa siku 30 za kukujibu ombi la maandishi. Anza na lugha ya heshima. "Mtendaji, habari za kazi. Naomba kujua WDC inakaa lini, na kama kuna mahali kwenye taarifa ya kata pa kuandika watoto wa elimu maalum." Watendaji wengi watakupokea vizuri, maana nao ni wazazi, na wengine watafurahi kwamba hatimaye kuna mtu ameuliza.

Nimezungumzia Tanzania Bara kwa kuwa ndiko ninakojua ngazi zake. Msomaji wa Kenya, mpangilio wako ni tofauti: Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeipa kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, huku shule za msingi na sekondari zikibaki kwa serikali ya kitaifa. Usidhani basi mwakilishi wako wa wadi hana la kufanya. Chekechea ndipo tatizo la kusikia, kuona au kuzungumza linapoonekana mapema, na mtoto aliyebainika akiwa na miaka minne yuko mbali sana na yule aliyebainika akiwa na kumi.

Kwenu madiwani, najua wengi mna posho ndogo na kata kubwa, na simu zenu zinalia usiku kwa misiba, ugomvi wa mipaka na visima vilivyokauka. Mliochaguliwa Oktoba 2025 mna miaka mitano. Katika miaka hiyo mtoto aliyeingia darasa la awali anafika darasa la nne. Atafika akiwa anasoma, au atakuwa ameshaacha. Chagueni mmoja wenu katika kamati ya elimu awe ndiye anayefuatilia jambo hili, na diwani wa viti maalum asionekane kuwa ndiye pekee linalomhusu. Mwiteni mzazi mmoja aje azungumze kwenye WDC kabla taarifa haijafungwa. Nendeni kwenye kitengo cha shule bila kutoa taarifa, mkae mwanzo hadi mwisho wa kipindi kimoja.

Nawe msomaji, kata yako ina WDC itakayokaa kabla ya baraza lijalo. Kesho asubuhi pita ofisi ya mtendaji, uliza tarehe, umpigie simu mzazi unayemfahamu, mwende wawili.